Hodi kwa Bi Maimuna

Siku hizi mitambo ya bandari hujifunza njia kwa nyayo za watu: mtu anapokwepa, nayo hukwepa. Ndiyo maana Mji wa Kale ulipobomolewa ukawa uwanja mtupu wa makontena, Bi Mwanakombo hakuacha vichochoro vyake. Kila asubuhi, kikapu mkononi, alipinda kona zisizokuwapo, akakunja buibui lisisugue kuta zisizokuwapo, akasimama mlangoni kwa shoga yake, Bi Maimuna, kupiga hodi.

"Bibi, katiza tu, hakuna ukuta hapo!" alimcheka Karisa, msimamizi wa mitambo.

"Nikatize jikoni kwa Bi Maimuna? Kwenu hamkufunzwa adabu?"

"Bi Maimuna kahamishiwa bara. Na leo hapa panapangwa makontena, utake usitake."

"Haya, pangeni. Macho ninayo."

Akaketi palipokuwa baraza ya shoga yake. Mtambo ukaja na kontena lake, ukafika palipokuwa mlango, ukasimama. Karisa akaufuata, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Wapi!

"Unangoja nini huu?"

"Unangoja kukaribishwa, baba." Kisha Bi Mwanakombo akapaza sauti: "Hodi bado! Wenyewe tumo, na mgeni mwenye mzigo huo hatumtaki!"

Mtambo ukarudi nyuma taratibu, ukaipinda kona ileile ya bibi.

Karisa alitaka kucheka, akajitazama. Alikuwa amesimama katikati ya jikoni kwa watu, na viatu ameshavivua, kavishika mkononi.