Jicho Kali Chooni

Kitasa kilimbakia mkononi.

Jicho Kali alikitazama, akautazama mlango wa choo uliojifunga, kisha akakitazama tena kitasa, kana kwamba kimojawapo kingeona aibu na kujirudi. Sebuleni televisheni ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho, na muziki wa kuanzia kipindi cha "Nje ya Jua" ulikuwa tayari unalia.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Jicho Kali lilikuwa jina la safu yake gazetini, na kwa miaka mingi alikuwa amewachana watengenezaji wa vipindi bila huruma, mpaka jina lake halisi likasahauliwa na kila mtu isipokuwa mama mkwe. Lakini siku hizi kibarua chake kilikuwa kinaning'inia. Mara umeme, mara homa, mara msiba wa jirani. Visingizio vilikuwa vimemwishia. "Leo kipindi kikiisha tu, niwe nimepata uhakiki," mhariri alimwambia asubuhi. "Ukikosa, safu nampa mtu mwingine. Na sitaki hadithi."

Sasa amwambie nini? Kwamba amefungiwa na choo chake mwenyewe?

Aliusukuma mlango kwa bega. Akaupiga teke, akaumia kidole. Dirisha lilikuwa la kupitisha paka, tena paka mwembamba. Akampigia simu mkewe, aliyekuwa amekwenda kwa dada yake.

"Si nilikwambia kitasa hicho ukitengeneze?" mkewe alisema.

"Mama watoto, hilo tutaligombania ukifika."

"Haya, napita kumchukua fundi. Mlango wa mbele atafungua nani?"

"Uko wazi. Nyinyi ingieni tu."

Kwa mara ya kwanza uvivu wake wa kufunga milango ulimfaa. Akafunika choo, akakikalia, akatega sikio. Macho hayangeona kitu, lakini masikio alikuwa nayo, na kisa chenyewe alikijua kutokana na matangazo: chombo cha anga kimetoboka, na wanaanga lazima wahamishe kila kitu kabla hakijasambaratika. Akampigia mhariri.

"Bosi, andika. Kipindi kinaendelea, nakusomea moja kwa moja."

Hofu ilimpa ulimi. "Injini ya chombo hiki inanguruma kama mashine ya kusagia juisi, na nina hakika ndiyo hiyo hiyo. Hewa inavuja, lakini nahodha anatoa hotuba. Angenyamaza tu, wenzake wangebaki na hewa ya kuwafikisha nyumbani."

Mhariri alicheka. Jicho Kali alikuwa hajamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Kikasikika kishindo, kisha vitu vizito vikiburutwa sakafuni.

"Nini hicho?" mhariri aliuliza.

"Uhamisho umeanza. Andika: sauti sasa ni za uhakika, lakini mazungumzo ni ovyo. Watu wamevuka nyota, halafu wanaambiana 'Shika huku', 'Inua kidogo', 'Usinikanyage'. Hawa ni wanaanga au wapagazi?"

Mhariri alicheka tena, lakini Jicho Kali hakucheka naye. Joto lilikuwa limezidi, bomba lilidondosha maji bila kuchoka, na kuta zilionekana kumsogelea. Alikohoa. Huko nje, sauti zikashuka.

"Kuna mtu kule nyuma," mmoja alinong'ona.

"Mlango wake umekwama, huoni?" akajibu mwingine, mwenye sauti nzito. "Hatoki huyo. Mwache, tumalize twende."

Jicho Kali alisisimka mwili mzima. Maisha yake yote alikuwa amewacheka waigizaji, na hakuna aliyewahi kumgusa hivi. Alimwonea huruma huyo mwanaanga aliyeachwa peke yake nyuma ya mlango, akajionea huruma na yeye mwenyewe, akashindwa kuzitenganisha huruma hizo mbili.

"Bosi," alisema, "hapa usiguse hata neno. Kuna mwenzao amekwama, nao wanamwacha. Hakuna muziki wa kutuliza, hakuna kwaheri. Wanamwacha kama mtu anavyoacha kiti kibovu akihama. Sijawahi kuandika hivi, lakini naandika: waigizaji hawa hawaigizi. Ni watu wa kweli."

Nahodha alikuwa ameanza tena hotuba yake. "Ndugu zangu, hata tukipoteza kila kitu, bado tuna..."

Kimya. Hata muziki wa kumalizia haukulia.

"Na wamekata katikati ya sentensi!" Jicho Kali alipiga paja. "Hatimaye mtu amemnyamazisha yule nahodha. Andika kwamba nimevua kofia."

"Umerudi, Jicho Kali," mhariri alisema taratibu. "Safu ni yako. Inakwenda mitamboni sasa hivi."

Alilia kidogo pale juu ya choo, na hakuona haya. Alikuwa bado anajifuta machozi aliposikia hatua za mkewe zikiingia, halafu zikisimama ghafla. Fundi alifika mlangoni bila salamu, akachokonoa kwa bisibisi, na mlango ukaachia.

"Mama watoto, kibarua kimepona!" Jicho Kali alitoka akipiga kelele, na sauti yake ikamrudia kwa mwangwi.

Mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kichwani. Palipokuwa na makochi palibaki vumbi. Ukutani, ilipokuwa televisheni, ulining'inia waya.

Simu ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa mhariri: "Nataka tuwahoji wale waigizaji. Wanapatikana wapi?"