Perege wa Kwanza

Perege walikuwa wameelea bwawa zima, matumbo juu, na Mwinjuma alijua kilichowaua kabla hajafika ukingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kosa ni langu, mwalimu," alisema Bi Sikudhani, mwenye bwawa. "Labda pumba niliyowalisha ilikuwa imeoza."

Katika nchi aliyopelekwa kujifunza ufugaji, Mwinjuma alionyeshwa mabwawa yaliyojaa samaki mpaka wakasuguana mbavu, na kila bwawa lilikuwa na mashine iliyopuliza hewa majini usiku kucha. Aliporudi aliwafundisha watu wa mji wake kujaza samaki. Mashine hakuitaja. Umeme wenyewe wa kubahatisha, na alichelea kwamba wangekata tamaa kabla ya kuanza.

"Pole sana, bibi."

Bi Sikudhani akamsogezea ndoo. Ndani yake perege mmoja alikuwa hai bado, akihema juu juu, mdomo nje ya maji. "Samaki wa kwanza wa bwawa hupewa aliyekufundisha kufuga. Nimebakiwa na huyu tu, lakini ni wako."

Mwinjuma akachuchumaa, akatumbukiza mkono ndooni, akaanza kuyakoroga maji. Alikoroga polepole, kisha kwa nguvu, mapovu yakafoka, shati likalowa mpaka begani.

Yule samaki akatulia, akazama chini, akaanza kuogelea.

"Unafanya nini, mwalimu?"

Mwinjuma hakuthubutu kuutoa mkono. Bi Sikudhani akamtazama samaki, kisha akageuka, taratibu, akalitazama bwawa.