Wamebaki Watatu

Uchungu wa kuzaa ulimkamata muuza mboga kwenye foleni ya bomba, wakati mbele yake wamebaki watu watatu.

"Wifi, tangulia hospitali," dada wa mumewe alimsihi. "Maji nitakuletea."

"Bila ndoo ya maji wodini hawakupokei. Nikae mlangoni mpaka lini?"

Akaing'ang'ania ndoo hadi vidole vikafa ganzi. Mama aliyemtangulia aligeuka, akamtazama tumbo, kisha akainamisha uso. Naye alikuwa hapo tangu alfajiri, na maji yalikaribia kukatwa. Hakumpisha.

Zamu yake ilipofika, alifungua bomba mwenyewe, akapiga magoti, akasubiri.

"Imejaa," wifi yake alisema. "Twende sasa."

"Funika kwanza, yasiingie tope," alijibu, akajilaza pale pale chini, akauma upindo wa nguo.