Shambulio la Tisa

"Lala," Kocha akasema, na muuguzi akalala chali kwenye nyasi, mkono wa kushoto chini ya mgongo kama alivyoelekezwa.

Wenzake kumi wakavua helmeti, nyingi zikiwa za bodaboda, wakapiga goti moja kumzunguka. Dakika iliyopita walikuwa wakitaniana mpaka mbavu zinawauma, na sasa hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nje ya uzio mke wa Kocha alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili.

"Sasa inuka."

Muuguzi akainuka. Yule mwanamke akaachia waya, akaenda zake, na mazoezi yakaendelea.

Hii ilikuwa wiki yake ya tatu katika mpira wa Kimarekani. Kusema kweli alikuja kutafuta uchovu tu. Wodi ya majeruhi ilikuwa imemnyima usingizi tangu mwaka uanze, na mwenzake wa zamu akamdokeza kwamba kuna vichaa fulani wanagongana kwa hiari yao kwenye kiwanja cha nyuma ya karakana. Alikwenda akijua atachekwa. Badala yake Kocha, mzee mmoja fundi wa redio na runinga, alimtazama toka utosini hadi unyayoni, akamwambia ageuke, kisha akamkabidhi jezi namba thelathini na mbili bila hata kumuuliza kama anajua kukimbia.

Jezi nyingine zote alizishona mke wa Kocha kwa cherehani yake. Hiyo peke yake ilikuja tayari, katika sanduku lililotoka ng'ambo na helmeti nne na mkanda mmoja wa video. Mama, kama wote walivyomwita, alimpima mabega kwa viganja, taratibu, akakawia hapo.

"Umepungua," akamwambia.

Hawakuwahi kuonana kabla ya siku hiyo. Muuguzi akadhani ni macho ya uzee, akaivaa jezi.

Yote waliyoyajua kuhusu mchezo huo waliyatoa kwenye mkanda ule. Kocha aliwaonyesha kipande kwa kipande pale dukani kwake, akisimamisha picha na kuirudisha, mpaka shambulio la nane. La tisa aliwafundisha kwa mdomo. Mwenye namba thelathini na mbili anakamata mpira, anakimbia, anaangushwa, analala. Wengine wanapiga goti. Asiinuke mpaka aambiwe.

Wote waliichukua kuwa ni sheria ya mchezo. Muuguzi naye aliamini hivyo, hadi siku aliyoona mechi nzima kwenye runinga ya chumba wanachosubiri wagonjwa. Mchezaji alivunjika mguu, na wenzake wakapiga goti kumngoja daktari. Muuguzi alisimama na trei yake ya dawa mkononi, akaona aibu kwa niaba ya watu kumi na mmoja. Maskini mzee wa watu, ajali aliidhania sheria.

Hata hivyo, kulala kule kulianza kumtia hofu. Akiwa chini, macho ameyafumba, alihisi kwamba wale wote waliomzunguka wanamngoja mtu mwingine.

Jumamosi ingekuwa mechi yao ya kwanza, na timu ya mji wa jirani, watu wanaoujua mchezo. Aliposimulia alichokiona, nahodha wao, mchomeleaji mageti waliyemwita Cheche, alishika kichwa.

"Tukipiga magoti mbele ya wale jamaa, tutachekwa mpaka tuzeeke. Nenda kamwambie mzee."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe si ndiyo kazi yako, kuwapa watu habari mbaya?"

Akaenda mchana, alipotoka zamu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Mzee yule alikuwa amewatoa watu wazima majumbani mwao na kuwapa kitu cha kukingoja wiki nzima, na sasa yeye, mgeni wa juzijuzi, anakwenda kumvua nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo, hilo benchi zima."

Alikaa, akazungumzia jua, akazungumzia foleni, halafu akaona hakuna njia ya mkato. "Mzee, lile la shambulio la tisa. Nadhani mkanda ulikupotosha. Si sheria. Yule mchezaji aliumia."

Kocha aliweka chini chuma chake cha kulehemu. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akamwekea mapajani vitabu viwili vya sheria za mchezo, vimejaladiwa kwa karatasi ya kaki, vimepigiwa mistari kila ukurasa.

"Sheria ninazijua. Vitabu hivi mwanetu alivituma mwenyewe, kabla halijaja lile sanduku," akasema, na akausukuma mkanda ndani ya deki.

Picha ilikuwa na mistari, lakini ilionekana. Namba thelathini na mbili alikamata mpira, akakimbia vizuri sana, akagongwa na watu wawili kwa pamoja. Akaanguka chali, mkono wa kushoto chini ya mgongo. Muuguzi akasogea karibu na kioo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amejifunza kutazama miguu kwanza, na miguu ile ilimwambia kabla ya mtu yeyote uwanjani kujua. Wachezaji wakapiga goti. Kocha hakugusa kitufe. Mkanda ulikwenda na kwenda, hakuna aliyeinuka, mpaka kioo kikajaa chenga.

Pazia la nyuma likafunguka. Mama akatoka na ile jezi, imefuliwa, imepigwa pasi, bado ina moto. Akamwekea muuguzi juu ya vile vitabu, akamshika mabega kwa viganja vyake.

"Jumamosi ukilala usikawie, mwanangu," akasema. "Mara ile tulikungoja mpaka mkanda ukaisha."