Nafasi ya Mto

Kitabu cha vipimo vya dunia kilikuwa kimebakiza mto mmoja. Vitabu vya kale alivyonakili Mtawa Kelaki havikupatana: kimoja kilisema urefu wake ni maili mia sita, kingine elfu mbili. Kelaki akaandika jina la mto, akaacha nafasi tupu ya upana wa vidole vitatu.

Abati Ronani, mkuu wa monasteri, akaja kukichukua kitabu.

"Mjumbe wa mfalme ameshapanda farasi, ndugu yangu. Andika urefu wowote. Nani atakwenda kuupima?"

"Huyo atakayekwenda ndiye niliyemwachia nafasi, baba."

"Mfalme akiona pengo, kalamu utanyang'anywa, utapelekwa zizini. Mimi sitakutetea. Na ng'ombe wenyewe wanakuogopa."

Kelaki alitazama vidole vyake, vyeusi kwa wino wa miaka thelathini. Akachovya kalamu, akaishika juu ya ile nafasi hadi tone likaning'inia kwenye ncha. Akalirudisha kwenye kidau cha wino. Akakifunga kitabu, akamkabidhi abati kwa mikono miwili.

Kutoka dirishani alimwona mjumbe akikifungua palepale juu ya farasi. Aligeuza kurasa upesi upesi, kisha akatulia kwenye ukurasa wa mto, na kidole chake kikaanza kwenda polepole juu ya ile nafasi tupu.