Kurasa Kumi na Nne

Mfumo wa kamati ulizikataa picha za bibi kwa mara ya tatu. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano, na mwisho wa kupokea ushahidi ulikuwa saa sita kamili.

Mjukuu aliingia katika duka la huduma za kompyuta akihema, akaiweka simu juu ya meza kama mtu anayekabidhi mgonjwa.

"Inasema faili halifunguki," alisema. "Nisaidie, kaka. Ni picha kumi na nne tu."

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, aliitazama simu akaguna.

"Simu za siku hizi zina maringo, dada. Zinapiga picha za aina yao, ambazo kompyuta za ofisini hazizijui. Tuzigeuze PDF. Hiyo haibagui, inafunguka kokote. Tena zote zitakuwa hati moja, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna atakayezichanganya."

"Ndivyo ninavyotaka. Zifuatane."

Kamati ya ustawi wa wazee ilikuwa ikipitia upya ulezi wa baba yake mdogo, aliyekabidhiwa bibi pamoja na nyumba ya bibi tangu miguu ya kikongwe huyo ilipokataa kumbeba. Kila ndugu aliruhusiwa kutuma hati moja. Hati ikizua shaka, afisa angefika kesho asubuhi kumwondoa bibi. Na kesho yenyewe ilikuwa mbali: Jumapili iliyopita, bibi alishindwa kuinua kikombe.

Kwa Jumapili kumi na nne mjukuu alikuwa amempiga picha moja moja: kiti kilekile, gauni lilelile la buluu, na ukutani saa ileile mbovu iliyosimama. Alitaka mtazamaji asibabaishwe na chochote isipokuwa mwili. Baba mdogo, ambaye ufunguo wa kabati la chakula haukumtoka shingoni, hakumzuia kamwe.

"Piga, mwanangu, piga," alimwambia huku akicheka. "Picha haimalizi chakula cha mtu."

Maelezo hakuandika. Bibi alikuwa amemwapisha.

"Baba yako mdogo ametoka tumboni mwangu. Usije ukamsema, kwa mdomo wala kwa kalamu."

"Na wengine wakijionea wenyewe, bibi?"

Bibi aliunyoosha upindo wa gauni lake.

"Macho hayana pazia," alijibu.

Kwa hiyo juu ya hati ungekuwapo mstari mmoja tu, alioutunga kwa uangalifu ili asivunje kiapo: *Bibi yangu katika ulezi wa baba mdogo, tangu Jumapili ya kwanza hadi ya kumi na nne.* Aliamini kwamba ukweli ukipangwa vizuri hauhitaji wakili.

Profesa alifungua picha. Ya Jumapili iliyopita ilikuwa juu kabisa. Bangili ya shaba, ambayo zamani ilimbana bibi hata ikamwachia alama, sasa ilining'inia mkononi mwake kama kitanzi. Mjukuu aligeuka, akautazama mlango.

"Naanzia juu, nashuka nayo moja moja," Profesa alisema nyuma yake. "Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Sijaruka hata moja." Kipanya kikalia mara mbili. Kisha akacheka kidogo, kwa upole. "Ana tabasamu tamu huyu bibi."

"Alikuwa nalo," mjukuu alijibu bila kugeuka.

"Hutaki kuhakiki kabla sijatuma? Mkono wa binadamu huu, dada, hukosea."

Zilibaki dakika nne.

"Nimeziona mara kumi na nne, kaka. Tuma."

Safari hii mfumo haukukataa. Neno moja la kijani lilitokea kwenye kioo: *Imepokelewa.* Mjukuu aliketi kwenye benchi nje ya duka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mabega yake yakashuka. Alianza kupanga chumba chake kichwani: kitanda cha bibi kingekaa dirishani, penye jua la asubuhi, na yeye angelala sakafuni. Uji angempikia mwepesi kwanza, vijiko vichache vichache, mpaka tumbo lizoee.

Majibu yalifika saa nane. Aliyasoma akiwa amesimama.

*Kamati inakushukuru. Hati yako imetugusa kuliko zote tulizopokea. Ukurasa wa kwanza tuliona mifupa mitupu na bangili inayopwaya. Ukurasa wa kumi na nne tukaona mashavu yaliyojaa, bangili iliyokaza, na tabasamu. Ni nadra kukutana na mlezi wa namna hii. Hatuoni haja ya kumtuma afisa. Ulezi wa baba yako mdogo umethibitishwa kuwa wa kudumu, naye amekwisha kuarifiwa.*

Simu ilitetemeka tena kabla hajaishusha. Ulikuwa ujumbe wa baba mdogo.

*Ahsante kwa picha, mwanangu. Jumapili usijisumbue kuja.*