Karatasi za Tumu

Karatasi zilifunika kuta zote za kibanda cha maji. Kila moja iliuliza kama lango fulani la mfereji liko wazi au limefungwa, na jibu lilikupeleka kwenye karatasi nyingine, mpaka ya mwisho iliyosema kama watu wa bondeni wabaki au wakimbie. Juu ya karatasi hizo zilipita alama za kidole chenye tope, zilizokwisha kukauka. Zilikomea karibu na mlango, mahali mafuriko ya masika yaliyopita yalipomkuta Tumu akiwa bado anasoma, yakamuua.

Mashavu, mdogo wake, alitandika mezani karatasi moja tu.

“Hii itatosha malango yote kumi na sita?” aliuliza Shomvi, mlinzi aliyetoka kuyakagua kwenye mvua.

“Yote. Dada aliyauliza kwa namba, na namba zinafuata mwaka wa kujengwa. Unaruka mji mzima, umebeba kila jibu kichwani. Mimi nafuata maji yanavyopita. Ukivuka lango, la nyuma unaliacha.”

“Kumbe ni mpangilio tu, Bi Mashavu.”

“Mpangilio tu,” alisema, akaweka kidole juu ya karatasi yake.

Shomvi akamtajia hali ya malango, moja moja. Kidole cha Mashavu kikashuka hadi mwisho wa karatasi, na koti la mlinzi lilikuwa bado linachuruzika.

“Piga kengele. Wakimbie.”

Kengele ikalia. Bondeni milango ikafunguka, watoto wakabebwa mgongoni. Mashavu akageukia ukuta. Kwenye karatasi iliyofuata ile ya mwisho aliyoigusa Tumu palikuwa na alama nyingine ya kidole kilekile, na tope lake lilikuwa bado bichi.